Friwili Iliyonyamaza

Nimepotea kwa karibu miezi mitatu, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimehama au nimeoa. Hapana kwa yote mawili. Nilikuwa nimeahidi kuendelea na ule mfululizo wa hifadhidata, na nitauendeleza, lakini leo naomba mnivumilie niandike juu ya kitu kisicho na skrini wala umeme: friwili ya baiskeli. Ni hadithi ya hitilafu, na aliyeisababisha ni mimi.

Kwa asiyejua friwili, afikirie mteremko wa kutoka Subuiga kuja Isiolo. Ukiushuka kwa baiskeli hukanyagi hata mara moja. Miguu imetulia, magurudumu yanakimbia, na nyuma yako unasikia krrrrrr isiyoisha. Kinachokuruhusu kutulia ni friwili, ile gia ya nyuma inayovutwa na cheni. Ukikanyaga mbele inashikana na gurudumu na kulisukuma. Ukiacha kukanyaga inaliachia gurudumu lizunguke peke yake. Bila hiyo, pedali zingezunguka na gurudumu mteremko mzima na magoti yako yangekuwa yamefika Isiolo kabla yako.

Ndani yake mna pete yenye meno kama ya msumeno, na vipande viwili vidogo vya chuma ambavyo nitaviita vilimi. Kila kilimi kina springi nyembamba kama unywele inayokisukuma kitoke nje. Ukikanyaga, kilimi kinakwama kwenye jino na gurudumu linakwenda. Ukiacha, meno yanapita juu ya vilimi, na vilimi vinaruka tik tik tik. Ile krrrr ni tik nyingi zilizofuatana. Friwili ninayoizungumzia ina meno 20 kwa ndani (niliyahesabu), na gurudumu la inchi 26 husafiri kama mita mbili kwa mzunguko mmoja. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa hizo ni tik zaidi ya 50 kila sekunde. Ndiyo maana sikio halizitenganishi.

Sasa tuje kwa mdogo wangu.

Yuko Kidato cha Nne, na tangu aone video ya Danny MacAskill, yule kijana wa Scotland aliyerekodiwa mwaka 2009 akipita na baiskeli juu ya ncha za uzio wa vyuma mjini Edinburgh, hana habari nyingine. Mchezo wenyewe unaitwa traialsi. Asili yake ni pikipiki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Pere Pi, mwendesha pikipiki wa Catalonia, Uhispania, alimtengenezea mwanawe Ot baiskeli ya kurukia vikwazo kama wafanyavyo wao na pikipiki, na kutoka hapo ukakua hadi ukawa na mashindano ya dunia. Hakuna mbio. Unapanda majabali, magogo, kuta, na kosa lako ni kugusa chini kwa mguu.

Isiolo majabali hatujapungukiwa. Baiskeli ya traialsi ndiyo hatuna. Mdogo wangu alinunua mtumba wa baiskeli ya milimani huko Nanyuki, akang'oa gia zote, akaacha moja mbele yenye meno 22, na nyuma akafunga friwili ya meno 18 ya aina ile ile inayofungwa kwenye Black Mamba za kubebea maji. Kiti alikishusha mpaka mwisho. Hakikaliwi, kwa maana traialsi huchezwa ukiwa umesimama juu ya pedali.

Naomba mshike jambo moja hapa, kwa kuwa bila hilo yanayofuata hayataeleweka. Anapotaka kuruka, mchezaji hufunga breki ya nyuma na kusimama juu ya tairi la nyuma peke yake, la mbele likiwa hewani. Kisha huachia breki na kuikandamiza pedali kwa nguvu zake zote kwa mara moja. Baiskeli nzima inarushwa na mkanyago huo mmoja. Friwili isiposhika papo hapo, mguu unakwenda chini bure, uzito wote unaanguka mbele, na yeye yuko juu ya jabali.

Mimi hufanya kazi nyumbani. Naandika programu za kampuni iliyo mbali na hapa, na kila jioni tuna mkutano kwa intaneti. Jioni ndio wakati mdogo wangu alikuwa akizunguka uani kwetu akijizoeza kusimama kwa tairi moja, na krrrr yake inaingia moja kwa moja kwenye kipaza sauti. Siku moja mwenzangu akauliza kama nafuga nyuki. Wote wakacheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nimekasirika. Siku za karibuni kelele ile ilikuwa imezidi. Haikuwa krrrr laini tena, ilikuwa na kitu kama kusaga ndani yake. Kuna siku inasaga, kuna siku haisagi. Sikujiuliza kwa nini. Nilichotaka ni ikome.

Nilienda kwenye gereji ya malori iliyo kando ya barabara kuu nikapewa grisi nyeusi, ile nzito ya beringi za magurudumu ya lori. Grisi kama hiyo haiingii kwenye friwili bila kuifungua, na kuifungua sikujua. Kwa hivyo nilifanya ujanja. Nikaiweka kwenye mkebe juu ya jiko mpaka ikayeyuka kama uji, nikalilaza gurudumu ubavu, nikawa namimina polepole kwenye ule mwanya mwembamba huku nikiizungusha friwili kwa kidole. Iliinywa yote. Ilipopoa nikazungusha tena. Kimya kabisa! Nilijiona fundi.

Mdogo wangu alirudi kutoka shuleni, akazunguka uani mara mbili, akasimama.

“Kaka, umeifanya nini? Siisikii.”

“Si ndiyo raha yake?”

“Mimi nikiisikia najua imeshika. Sasa naruka tu.”

Nilimwambia atazoea. Nakumbuka hata sikugeuza kichwa kutoka kwenye kipakatalishi.

Hiyo ilikuwa Julai. Agosti shule zikafungwa, na yeye akawa anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kwenye mawe yaliyo nje ya mji kabla ya jua na upepo. Anayeujua upepo wa Isiolo wa miezi hiyo hahitaji maelezo. Siku ya tisa ya likizo aliletwa nyumbani na mwenye bodaboda, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani na meno yamekata mdomo. Alikuwa ameruka kutoka jabali moja kwenda jingine, urefu usiozidi meza. Mguu ulikwenda chini bure. Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika. Mkono wa kulia, ule wa kuandikia, na mtihani wa KCSE ulikuwa Novemba.

Mama hakusema mengi. Aliitazama baiskeli pale ukutani akasema, “Hiyo isitoke hapo.” Mdogo wangu alikuwa akirudia neno moja tu: “Iliteleza. Kaka, nakuapia, iliteleza.” Hakuna aliyemwamini sana. Vijana wakianguka huwa ni baiskeli imeteleza.

Mimi nilikuwa na sababu ya kumwamini, na ndiyo iliyoninyima usingizi. Adhuhuri ya siku ya pili nikaipeleka baiskeli kwa fundi, mzee mmoja mwenye kibanda karibu na soko. Aliipindua, akafunga breki ya nyuma kwa mkono mmoja na kukandamiza pedali kwa mwingine. Ikashika. Akageuza kidogo, akakandamiza. Ikashika. Akasimama juu yake yeye mwenyewe, mzee wa watu.

“Kijana, hii haina neno.”

“Mzee, imemwangusha mtu.”

“Basi alianguka. Baiskeli haina neno.”

Sisi waandishi wa programu tunaijua sentensi hiyo vizuri. Ni ile ile tunayowaambia wateja: kwangu inafanya kazi. Nililipa shilingi hamsini nikarudi nyumbani nikiwa nimefarijika nusu, na nusu nyingine imezidi kuuma.

Kesho yake niliamka kabla ya adhana, nikatoka na tochi. Kulikuwa na baridi, si baridi ya Timau, lakini ya kutosha kuvaa sweta. Nikafunga breki, nikakandamiza pedali. Ikashika. Nikaachia, nikageuza nyuma kidogo, nikakandamiza. Ikashika. Mara ya nne pedali ikaporomoka robo nzima ya mzunguko kabla ya kudakwa kwa mlio mmoja mkubwa. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Hitilafu inayotokea mara moja moja ndiyo mbaya kuliko zote, na dawa yake ya kwanza ni kuacha kubahatisha. Nikachukua Tipp-Ex nikachora alama 20 kuzunguka friwili, moja kwa kila jino la ndani, nikaijaribu kila alama mara moja. Alfajiri: iliteleza kwenye alama 7 kati ya 20. Saa sita mchana: haikuteleza hata moja. Jioni: moja. Siku iliyofuata karibu vile vile. Kilichokuwa kinabadilika kati ya alfajiri na adhuhuri hakikuwa baiskeli, kilikuwa joto. Lakini hiyo ilikuwa dhana bado, kwa hivyo mchana wa jua kali nikaenda dukani nikanunua paketi mbili za maziwa yaliyoganda kama jiwe, nikazifunga kwa kitambaa juu ya friwili, nikasubiri dakika ishirini. Mama akapita.

“Sasa baiskeli nayo ina homa?”

Nilipotoa maziwa na kujaribu, iliteleza mara 6. Mchana, na mtu huwezi kuvaa shati kwa joto!

Maana yake ilikuwa wazi. Ile grisi iliyoyeyuka jikoni ilikuwa imeganda ndani na kuchanganyika na vumbi letu jekundu mpaka ikawa kama gundi. Ikiwa na joto inalegea na vilimi vinaruka. Ikipoa, springi nyembamba kama unywele haina nguvu ya kukitoa kilimi kwenye gundi, kinabaki kimelala, na meno yanapita juu yake bila kushikwa. Bila tik. Kumbe ule ukimya nilioufurahia ulikuwa sauti ya vilimi visivyofanya kazi.

Nikarudi kwa fundi na baiskeli na maziwa. Safari hii alisikiliza. Akapitisha kidole kwenye ule mwanya, akakitazama, akakinusa.

“Nani alitia grisi humu?”

Nikanyamaza. Akanitazama, akajua.

“Na kabla ya kutia, ilikuwa inasemaje?”

Hapo ndipo nilipokwama. Nilijua ilikuwa na kelele, lakini kelele gani? Ilianza lini? Inakuja ukishuka tu au hata ukikanyaga? Inafuata mzunguko wa gurudumu au wa pedali? Maswali hayo ndiyo ya kwanza kabisa kwa anayetafuta ugonjwa wa baiskeli. Kelele inayosikika ukikanyaga tu na kukoma ukitulia, tafuta kwenye cheni, pedali na ekseli ya katikati. Inayosikika ukitulia tu, tafuta kwenye friwili. Inayosikika wakati wote na kuongezeka na mwendo, tafuta beringi za habu au breki inayogusa. Mtu anaweza kuyajibu kwa dakika mbili uani kwake. Mimi sikuwa nimejibu hata moja. Ni kama msimbo unaotoa onyo kila dakika, nawe unaandika mstari mmoja wa kulidaka onyo hilo na kulitupa, halafu unafurahi kwamba skrini ni safi. Nimewahi kumkemea mwenzangu kazini kwa mstari wa aina hiyo.

Aliyenisaidia ni mdogo wangu. Alikuwa amelala kitandani na plasta yake, nikamuuliza anakumbuka kelele ilianza lini. Akasema hakumbuki, ila nitazame video. Kumbe kila zoezi alilofanya tangu Machi alikuwa amejirekodi kwa simu, akiiegemeza kwenye jiwe, ili ajilinganishe na MacAskill. Video 41, zote zina tarehe. Logi kamili za mfumo, na nilikuwa sijui zipo.

Wanaotumia Git wameshaona ninakoelekea. Git ina amri ya kutafuta badiliko lililoleta hitilafu kwa kugawa nusu: unachukua badiliko la katikati, unalipima, kisha unatupa nusu isiyo na lawama na kugawa tena. Kwa vitu 41 huhitaji kuvipima vyote, majaribio sita yanatosha. Sharti lake ni moja, kwamba kitu kikishaharibika hakijitengenezi. Chuma hakijitengenezi, kwa hivyo nilikuwa salama.

Nikatoa sauti za video hizo na kuzifungua kwa Audacity, ambayo ni ya bure na haihitaji kompyuta kubwa. Video ya kwanza, ya Machi: anapoacha kukanyaga mawimbi ya sauti yanaonekana yamejipanga kama vigingi vya uzio, nafasi sawa, kimo sawa. Ya mwisho kabla ya grisi: vigingi vipo lakini ni vyembamba zaidi, na kati yao, bila mpangilio, kuna mlipuko mchafu. Ule msagiko. Ya katikati, namba 21: vigingi safi. Namba 31: msagiko. 26: msagiko. 23: msagiko. 22: safi. Ya tano hiyo, na sikuhitaji ya sita.

Namba 23 ilirekodiwa mwezi wa Mei, kwenye kalavati lililo nje ya mji. Nikaitazama yote na vipokea sauti masikioni. Anasimama kwa tairi moja mbele ya ukingo wa saruji, anaachia breki, anakandamiza, na kabla tairi halijatua juu kuna mlio mmoja mkavu: tak. Anatua vizuri. Anacheka na kuinua mkono kwa wenzake. Kabla ya tak, friwili ni safi. Baada yake inasaga. Nilimwonyesha. Aliitazama mara nyingi, na kila mara nilitaka kumwambia aizime.

Kesho yake fundi aliifungua. Nimeshasema mimi sikujua kuifungua, na sababu mojawapo ni kwamba nilikuwa nimewahi kujaribu na kushindwa. Kile kifuniko cha duara chenye matundu mawili madogo kina nyuzi za kinyume. Vitu vyote duniani hufunguka kwa kuzungusha kushoto, hiki hufunguka kulia. Mzee aliliweka gurudumu kati ya miguu yake, akasimamisha msumari mnene kwenye tundu, akagonga kwa nyundo kuelekea kulia, mara tatu, kikalegea. Mimi ningegonga kushoto mpaka Idi. Chini yake tulitandaza kitambaa cheupe, kwa kuwa humo ndani mna gololi ndogo za milimita tatu ambazo zikimwagika mchangani usizitafute.

Tulichokikuta kilikuwa tope jeusi. Tulisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki. Kilimi cha kwanza kilikuwa kizima lakini kimelala, kimegandamana na kitanda chake. Ilibidi fundi akibandue kwa ncha ya kisu. Kilimi cha pili kilikuwa kimemeguka ncha. Kipande chake kilichomeguka, kidogo kuliko punje ya mtama, kilikuwa kwenye tope kati ya gololi.

Basi mambo yalikwenda hivi. Mei, kilimi kimoja kilivunjika pale kalavatini. Kipande kikawa kinatembea kati ya gololi na kusaga, na friwili ikawa inapiga kelele. Baiskeli iliendelea kufanya kazi kwa sababu kilimi cha pili kilikuwa kinabeba kila kitu peke yake. Tuliowahi kuendesha seva mbili za kusaidiana tunaijua hali hii: moja imekufa wiki nyingi zilizopita na hakuna aliyegundua, kwa vile nyingine inajibu. Julai nikaja mimi na mkebe wangu. Grisi ikakishika kile kipande kisitembee, msagiko ukakoma, na kwa mkono huo huo ikakilaza kilimi kizima.

Kuna hesabu nilifanya nikiwa pale kibandani, nyuma ya karatasi ya unga. Mdogo wangu ana kilo 60. Mkono wa pedali una sentimita 17. Zidisha, kisha punguza kwa uwiano wa meno 18 kwa 22, kisha gawa kwa sentimita mbili, ambao ndio umbali wa vilimi kutoka katikati. Inakuja zaidi ya kilo 400. Hapo amesimama tu, hajaruka. Vipande viwili vya chuma vya ukubwa wa punje ya mahindi ndivyo vilivyotengenezwa vigawane mzigo huo, na kwa miezi mitatu ulikuwa juu ya kimoja.

Fundi hakuona ajabu. Alisema friwili hizi ni za kubebea maji, si za kuruka mawe, na kwamba mafuta yake ni ya cherehani, matone manne matano, basi. Grisi ni ya habu. Akaniuzia friwili mpya kwa shilingi mia tatu hamsini, nina hakika kwa wengine ni mia tatu. Kabla ya kuifunga aliishika sikioni akaizungusha nyuma taratibu, tik, tik, tik, akanipa nami nisikilize. Kisha akachukua nyingine kutoka kwenye boksi lile lile akaizungusha. Ilikuwa na tik moja hafifu kila ilipofika mahali fulani. Akaitupa pembeni. Mpya, ndani ya karatasi yake! Siku hizi nikinunua chochote chenye friwili naweka sikio kwanza, na watu wanicheke.

Nilimweleza mdogo wangu usiku huo. Nilimweleza yote, pamoja na mkebe na jiko na ile siku ya nyuki. Alisikiliza huku akijaribu kuandika jina lake kwa mkono wa kushoto, zoezi alilopewa na mwalimu wake. Kisha akauliza, “Kwa hiyo sikukosea kuruka?” Nikamwambia hakukosea. Akaendelea kuandika. Nilitarajia anikasirikie na pengine ingekuwa nafuu. Mama alipoambiwa alisema tu kwamba hiyo mikutano yangu ingeweza kusubiri.

Plasta ilitolewa katikati ya Oktoba. Mtihani aliufanya kwa mkono wa kulia, ingawa anasema ilipofika karatasi za insha vidole vilikuwa vinakufa ganzi na ilibidi apumzike kila ukurasa. Matokeo bado. Mama ameruhusu baiskeli itoke ukutani, lakini kwa uani tu mpaka matokeo yaje.

Kwa hiyo jioni anazunguka uani, na krrrr inaingia kwenye mikutano kama zamani. Nyuki wamerudi, alisema yule mwenzangu. :-) Nikiwa sisemi nafunga kipaza sauti. Ila naiacha dirisha wazi.

Kilichobaki ni friwili yenyewe. Ile mpya ni ya meno 20 kama ya kwanza, maana yake mguu unaweza kusafiri hadi nyuzi 18 kabla haijashika, na vilimi ni vile vile viwili vya kubebea maji. White Industries ya Marekani hutengeneza friwili iitwayo ENO, yenye meno mengi zaidi kwa ndani na inayoshika mapema zaidi, lakini bei yake inazidi baiskeli nzima ya mdogo wangu, bila kuhesabu ushuru. Kama kuna msomaji Nairobi au Mombasa anayejua mahali inapopatikana kwa bei ya kibinadamu, hata iliyotumika, naomba anijulishe. Nimekwisha kumuahidi, na anahesabu siku.